Milinganyo ya Kwadratiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa aljebra huyauliza tena na tena, na ambayo mimi mwenyewe nimeyajibu ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Majibu yake yanaegemea wazo moja: mlinganyo wa kwadratiki unatatuliwa pale unapogeuzwa kuwa mraba mmoja uliolingana na namba. Kanuni ndefu ambayo wengi huikariri ni njia ya mkato ya kazi hiyo, na anayeijua kazi yenyewe hahitaji kuiogopa kanuni.

Mlinganyo wa kwadratiki ni upi, na nitautambuaje?

Ni mlinganyo wenye kisichojulikana kimoja ambacho kipeo chake kikubwa kabisa ni 2, na ambao unaweza kuandikwa katika umbo ax² + bx + c = 0. Herufi a, b na c zinasimama badala ya namba tunazozijua. Sharti ni moja tu, kwamba a isiwe sifuri, kwa sababu ikiwa sifuri kile kipande chenye x² kinatoweka na tunabaki na mlinganyo wa kawaida wa mstari ulionyooka. Namba b na c zinaweza kuwa sifuri bila kuharibu chochote; x² = 49 ni mlinganyo wa kwadratiki kamili, na x² − 5x = 0 vilevile.

Ugumu ni kwamba milinganyo mingi hailetwi katika umbo hilo. Mlinganyo x + 6/x = 5 hauna x² popote, lakini ukizidisha kila kipande kwa x, ambayo hapa haiwezi kuwa sifuri, unapata x² + 6 = 5x, na ukihamishia vyote upande mmoja unapata x² − 5x + 6 = 0. Kinyume chake, (x + 3)² = x² + 5 unaonekana kuwa wa kwadratiki kwa kila hali, ila ukifungua mabano x² za pande mbili zinafutana na kinachobaki ni 6x + 9 = 5, yaani x = −2/3, jawabu moja tu. Kwa hiyo usiutolee mlinganyo hukumu kabla ya kufungua mabano na kukusanya vipande vinavyofanana.

Kwa nini unaitwa “kwadratiki” ilhali kipeo chake ni 2 na si 4?

Neno hilo limetokana na neno la Kilatini *quadratus*, lenye maana ya kitu kilichofanywa mraba. Mraba una pande 4, lakini eneo lake hupatikana kwa kuzidisha upande kwa upande, yaani x kwa x, na hapo ndipo kipeo cha 2 kinapotokea. Ni vizuri kuikumbuka asili hiyo, kwa sababu mraba wenyewe, ule wa kuchorwa, utarudi hapa chini na kutufanyia kazi kubwa.

Kwa nini lazima upande mmoja uwe sifuri kabla ya kutumia vigawo?

Kwa sababu kutumia vigawo ni kuuandika upande mmoja kama zao la mabano mawili, na sifuri ina tabia ambayo hakuna namba nyingine inayo: zao la namba mbili likiwa sifuri, basi walau moja kati ya hizo mbili ni sifuri. Zao likiwa 6 hatuwezi kusema lolote la namna hiyo, kwa kuwa 6 inaweza kutokana na 2 na 3, au −2 na −3, au 12 na nusu, na kuendelea pasipo mwisho.

Tuchukue (x − 2)(x − 3) = 6. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika “x − 2 = 6 au x − 3 = 6” na kupata 8 na 9. Ajaribu kurudisha 8 mahali pake: 6 mara 5 ni 30, si 6. Njia sahihi ni kufungua mabano, x² − 5x + 6 = 6, kisha kutoa 6 pande zote mbili, x² − 5x = 0, ambao ni x(x − 5) = 0. Majawabu ni 0 na 5. Ukiweka 5 unapata 3 × 2 = 6, na ukiweka 0 unapata (−2) × (−3) = 6. Yote mawili yanakubali.

Vigawo hupatikanaje, hasa kama namba iliyo mbele ya x² si 1?

Ikiwa ni 1, kazi ni kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni c na jumla yake ni b. Kwa x² + x − 12 = 0 namba hizo ni 4 na −3, hivyo mlinganyo unakuwa (x + 4)(x − 3) = 0 na majawabu ni −4 na 3. Angalia kwamba ishara zinageuka: kigawo x + 4 kinakuwa sifuri x ikiwa −4.

Ikiwa namba hiyo si 1, kama katika 6x² + 7x − 3 = 0, wengi huanza kubahatisha mabano, na kubahatisha huko huchosha bila sababu. Kuna utaratibu ulio wazi. Zidisha a kwa c, yaani 6 × (−3) = −18, kisha tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −18 na jumla yake ni 7. Hizo ni 9 na −2. Sasa igawe 7x katika vipande hivyo viwili na uchukue kigawo cha shirika katika kila jozi:

6x² + 9x − 2x − 3 = 0
3x(2x + 3) − 1(2x + 3) = 0
(3x − 1)(2x + 3) = 0

Kwa hiyo x = 1/3 au x = −3/2. Dalili ya kwamba hukukosea ni kwamba mabano mawili ya mstari wa pili yamefanana kabisa. Yakitofautiana, hata kwa ishara, rudi mstari mmoja nyuma.

Nimetafuta namba mbili hizo nikazikosa. Je, nimekosea mahali?

Huenda hukukosea hata kidogo. Milinganyo mingi haina vigawo vyenye namba kamili, na mwanafunzi aliyezoea mazoezi yaliyochaguliwa ili yatoke vizuri huchukua muda mrefu kulikubali hilo. Kwa x² − 6x + 7 = 0 unatakiwa kupata namba mbili zenye zao 7 na jumla −6. Jozi za namba kamili zenye zao 7 ni mbili tu, 1 na 7, na −1 na −7, na hakuna iliyo na jumla ya −6.

Kuna kipimo kinachokuokoa na kutafuta kusiko na mwisho. Kokotoa b² − 4ac. Ikiwa a, b na c ni namba kamili, na jibu la hesabu hiyo ni mraba wa namba kamili (0, 1, 4, 9, 16, 25 na kadhalika), vigawo vipo na inafaa kuvitafuta. Ikiwa sivyo, acha. Kwa mlinganyo wetu ni 36 − 28 = 8, na 8 si mraba wa namba kamili, kwa hiyo njia ya vigawo imefungwa na tunageukia kukamilisha mraba.

Kukamilisha mraba maana yake ni nini hasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ningeomba msomaji achukue karatasi na kalamu kabla ya kuendelea.

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanahisabati Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho neno moja la jina lake, *al-jabr*, ndilo lililozaa neno “aljebra”. Mojawapo ya mifano yake, ambayo bado inafundishwa leo, ni huu: x² + 10x = 39. Alama tunazotumia sisi hakuwa nazo. Aliieleza hesabu yote kwa maneno, kisha akaithibitisha kwa mchoro.

Chora mraba ambao kila upande wake ni x. Eneo lake ni x². Sasa zile 10x zigawe mara mbili, 5x na 5x, na kila moja uichore kama mstatili wenye urefu x na upana 5. Mstatili mmoja ubandike upande wa kulia wa mraba, mwingine ubandike chini yake. Tazama umbo ulilopata. Linakaribia kuwa mraba mkubwa wenye upande x + 5, isipokuwa kona moja, ya chini kulia, iko wazi. Kona hiyo ni mraba mdogo wa 5 kwa 5, yaani eneo la 25. Tunajua kwamba vipande vilivyochorwa vina jumla ya 39. Tukiijaza kona, mraba mkubwa unakuwa na eneo la 39 + 25 = 64, na upande wake ni 8. Kwa hiyo x + 5 = 8, na x ni 3.

Kukamilisha mraba ni kuijaza kona hiyo. Ile “nusu ya b kisha ipigie mraba” ambayo wanafunzi huikariri kama maagizo ni eneo la kona iliyokosekana: b inagawanywa mara mbili kwa sababu mistatili ni miwili, na nusu hiyo inapigiwa mraba kwa sababu kona ni mraba.

Al-Khwarizmi aliishia kwenye 3, kwa kuwa upande wa mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri. Sisi, tunaozikubali namba hasi, tunaona kwamba (x + 5)² = 64 ina jawabu jingine, x + 5 = −8, yaani x = −13. Lithibitishe: 169 − 130 = 39.

Sasa rudi kwenye mlinganyo uliotushinda, x² − 6x + 7 = 0. Hamisha 7: x² − 6x = −7. Nusu ya −6 ni −3, mraba wake ni 9. Ongeza 9 pande zote mbili: (x − 3)² = 2. Kwa hiyo x = 3 ± √2, takriban 4.414 na 1.586. Hapakuwa na haja ya kubahatisha chochote.

Ile kanuni ndefu imetoka wapi?

Imetoka kwenye hatua zilezile, isipokuwa namba zimebadilishwa kwa herufi. Njia ninayoiona kuwa safi zaidi huepuka sehemu mpaka mwisho, na huhusishwa na mwanahisabati wa India, Śrīdhara. Anza na ax² + bx + c = 0 na uzidishe kila kipande kwa 4a:

4a²x² + 4abx + 4ac = 0

Hamisha 4ac kisha uongeze b² pande zote mbili:

4a²x² + 4abx + b² = b² − 4ac

Upande wa kushoto sasa ni mraba kamili, (2ax + b)². Tafuta kipeuo cha pili cha pande zote mbili, ukikumbuka kwamba kuna chanya na hasi:

2ax + b = ±√(b² − 4ac)

Toa b, gawanya kwa 2a, na kanuni iko mbele yako:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Anayeweza kuandika mistari hii mitano bila kutazama popote hawezi kuisahau kanuni, kwa kuwa akiisahau ataitengeneza upya kwa dakika mbili. Ndiyo sababu siwashauri wanafunzi wangu waikariri kabla ya kuijenga angalau mara moja kwa mkono wao.

Mfano: 3x² − 4x − 2 = 0. Hapa a = 3, b = −4, c = −2. Kilicho ndani ya kipeuo ni (−4)² − 4 × 3 × (−2) = 16 + 24 = 40. Hivyo x = (4 ± √40)/6, na kwa kuwa √40 = 2√10, tunarahisisha kuwa x = (2 ± √10)/3, takriban 1.721 na −0.387.

Makosa gani hutokea zaidi katika kuitumia kanuni?

Karibu yote hutokana na ishara ya kutoa. Katika mfano uliotangulia, b ni −4, kwa hiyo −b ni +4; wengi huandika −4 kwa sababu macho yao yameiona −4. Kosa linalofuatana nalo ni kuandika b² kama −4² bila mabano. Mashine nyingi za kuhesabia zitasoma hiyo kama “kinyume cha 4²” na kukupa −16, na kuanzia hapo kila mstari unaharibika ingawa mwanafunzi anaijua kanuni vizuri. Namba hasi inapoingia kwenye kanuni, iingie na mabano yake.

Kosa la pili ni mstari wa kugawanya uliokatwa mapema. Niliwahi kusahihisha daftari ambalo kila kitu kilikuwa sawa hadi mstari wa mwisho, ambapo mwanafunzi alikuwa ameandika 4 ± √40/6, mstari wa sehemu ukiwa chini ya kipeuo peke yake. Kwa kalamu tofauti ni sentimita moja tu, lakini kwa hesabu majawabu yalikuwa takriban 5.05 na 2.95 badala ya 1.72 na −0.39. Gawio la 2a linahusu vyote viwili, −b pamoja na kipeuo.

Kosa la tatu halihusu kanuni, nalo ni kugawanya kwa x. Kwa x² = 5x inavutia kugawanya pande zote kwa x na kuandika x = 5. Lakini kugawanya kwa x ni halali tu ikiwa x si sifuri, na hapa sifuri ni jawabu. Umelifuta jawabu zima kwa hatua moja iliyoonekana haina madhara. Hamisha, toa x nje ya mabano, na utayapata yote mawili.

Kibainishi ni nini na kinanisaidia nini?

Kibainishi ni jina la b² − 4ac, kile kilicho ndani ya kipeuo. Kikiwa chanya, mlinganyo una majawabu mawili tofauti. Kikiwa sifuri, una jawabu moja, kwa kuwa kujumlisha sifuri na kutoa sifuri ni mamoja. Kikiwa hasi, hauna jawabu katika namba halisi, yaani namba za kawaida zinazokaa kwenye mstari wa namba.

Manufaa yake yanaonekana zaidi katika maswali ya aina hii: ni thamani gani za k zinazoufanya x² + kx + 9 = 0 uwe na jawabu moja tu? Hatuhitaji kuutatua mlinganyo wenyewe. Tunaandika k² − 36 = 0, na k ni 6 au −6.

Kibainishi kikiwa hasi, niandike “hakuna jawabu” na kuendelea?

Inategemea umeulizwa kuhusu namba zipi. Ukiwa unafanya kazi na namba halisi, andika “hakuna jawabu katika namba halisi”. Maneno hayo matatu ya mwisho yana uzito wake.

Mwaka 1545, Girolamo Cardano wa Italia alichapisha tatizo la kuigawa 10 katika sehemu mbili ambazo zao lake ni 40. Mlinganyo wake ni x² − 10x + 40 = 0, na kwa kukamilisha mraba tunapata (x − 5)² = −15. Hilo haliwezekani kwa namba halisi, na sababu inaonekana bila aljebra nyingi: sehemu mbili za 10 ni 5 + u na 5 − u, zao lake ni 25 − u², na haliwezi kamwe kuzidi 25. Hata hivyo Cardano aliandika majawabu 5 + √−15 na 5 − √−15, akazidisha, akapata 25 − (−15), ambayo ni 40 kama ilivyotakiwa. Namba za namna hiyo sasa tunaziita namba changamano, na kipeuo cha pili cha −1 tunakiandika i. Katika ulimwengu wa namba hizo kila mlinganyo wa kwadratiki una majawabu.

Nitajuaje kwamba majawabu yangu ni sahihi bila kurudia hesabu yote?

Tumia jumla na zao. Majawabu mawili ya ax² + bx + c = 0 yana jumla ya −b/a na zao la c/a, daima. Kwa mfano wetu wa 3x² − 4x − 2 = 0, jumla inapaswa kuwa 4/3 na zao −2/3. Majawabu (2 + √10)/3 na (2 − √10)/3 yana jumla ya 4/3, kwa kuwa vipeuo vinafutana, na zao la (4 − 10)/9 = −6/9 = −2/3. Hesabu imesimama.

Uhusiano huo unatupa pia njia nyingine ya kutatua, ambayo naona haifundishwi vya kutosha. Kwa x² − 14x + 46 = 0, jumla ya majawabu ni 14, hivyo wastani wake ni 7. Majawabu yako umbali ulio sawa pande mbili za 7: 7 + u na 7 − u. Zao lake ni 49 − u², na linapaswa kuwa 46, kwa hiyo u² = 3. Majawabu ni 7 ± √3. Hapa pia kuna mraba mmoja uliolingana na namba, u² = 3, ingawa tumeufikia kwa mlango mwingine.

Kutumia nusu kwa namna hii ni jambo la kale sana. Vibao vya udongo vya Babeli, vya takriban mwaka 1800 kabla ya Kristo, vina tatizo linalosema kwamba eneo la mraba likijumlishwa na upande wake hupatikana 3/4. Mwandishi anaagiza: chukua nusu ya 1, ipigie mraba upate 1/4, ongeza kwenye 3/4 upate 1, tafuta kipeuo chake, toa ile nusu. Upande ni 1/2.

Grafu inahusiana vipi na haya yote?

Grafu ya y = ax² + bx + c ni parabola, mkunjo wenye umbo la bakuli lililosimama au lililopinduliwa, na majawabu ya mlinganyo ni mahali inapokata mhimili wa x. Ncha yake iko mahali ambapo x = −b/2a, yaani kwenye wastani wa majawabu mawili. Kwa y = x² − 6x + 7, ambao tuliuandika kama (x − 3)² − 2, ncha iko kwenye (3, −2), na mkunjo unakata mhimili umbali wa √2 kushoto na kulia ya 3.

Katika maswali ya maneno, je, nitupe jawabu hasi kila mara?

Hapana. Kila jawabu lipimwe kwa maneno ya swali, na ishara ya kutoa peke yake si kosa.

Mpira unarushwa juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde kutoka kimo cha mita 25. Tukichukua mchapuko wa mvutano kuwa takriban mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, kimo chake baada ya sekunde t ni 25 + 20t − 5t². Unafika chini lini? Weka kimo kuwa sifuri, gawanya kwa −5, na unapata t² − 4t − 5 = 0, yaani (t − 5)(t + 1) = 0. Jawabu ni sekunde 5. Ile −1 inakataliwa kwa sababu mpira ulianza safari wakati t ni 0. Hata hivyo ina maana yake: kama njia ileile ya mpira ingeendelezwa nyuma, ingegusa ardhi sekunde moja kabla ya kurushwa.

Linganisha na swali hili: tafuta namba kamili mbili zinazofuatana ambazo zao lake ni 56. Mlinganyo ni n² + n − 56 = 0, majawabu ni 7 na −8. Hapa hakuna cha kukataa. Jozi ya 7 na 8 inafaa, na jozi ya −8 na −7 inafaa pia. Anayeitupa ya pili amejibu nusu ya swali.

Tahadhari nyingine inahusu milinganyo yenye vipeuo. Kwa √(x + 6) = x, ukipigia mraba pande zote unapata x² − x − 6 = 0, wenye majawabu 3 na −2. Lakini ukirudisha −2, upande wa kushoto ni √4 = 2 na wa kulia ni −2. Kupigia mraba kumeingiza jawabu ambalo halikuwemo, kwa kuwa 2 na −2 zikipigiwa mraba hazitofautiki tena. Jawabu la kweli ni 3 peke yake.

Kati ya njia zote hizi, nianze na ipi?

Kama b ni sifuri, tafuta kipeuo moja kwa moja. Kama c ni sifuri, toa x nje ya mabano. Kama vigawo vinaonekana ndani ya nusu dakika, vitumie. Kama a ni 1 na b ni shufwa, kukamilisha mraba ni kwepesi kuliko kanuni. Kwa yaliyobaki, tumia kanuni.

Je, mashine ya kuhesabia inaweza kukosea hata nikiingiza kila kitu sawasawa?

Ndiyo, na inafaa kulijua hili mapema. Chukua x² − 20000x + 1 = 0. Kanuni inatoa x = 10000 ± √99999999. Mashine inayobeba tarakimu 8 itasoma kipeuo hicho kama 9999.9999, na jawabu dogo litatoka 10000 − 9999.9999 = 0.0001. Ukweli ni kwamba jawabu hilo ni takriban 0.00005, kwa hiyo mashine imetoa mara mbili ya thamani ya kweli. Kutoa namba mbili zinazokaribiana sana kumefuta karibu tarakimu zote zenye maana.

Dawa yake tumeshaiona. Jawabu kubwa, takriban 20000, ni salama kwa sababu linatokana na kujumlisha. Zao la majawabu ni c/a, yaani 1, kwa hiyo jawabu dogo ni 1 ukigawanya kwa 20000, ambalo ni 0.00005.

Je, kuna kanuni kama hii kwa x³ na vipeo vilivyo juu zaidi?

Kwa kipeo cha 3 na cha 4 zipo, na zilichapishwa katika kitabu kilekile cha Cardano cha mwaka 1545, ingawa ni ndefu na ni nadra kutumiwa kwa mkono. Kwa kipeo cha 5, Niels Henrik Abel wa Norway alithibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna kanuni ya jumla inayojengwa kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo pekee.

Hata hivyo baadhi ya milinganyo mikubwa ni ya kwadratiki iliyojificha. Kwa x⁴ − 13x² + 36 = 0, iite x² kwa herufi u, na unapata u² − 13u + 36 = 0, yaani (u − 4)(u − 9) = 0. Usiishie hapo, kwa sababu 4 na 9 ni thamani za u, na swali lilikuwa la x. Kutoka x² = 4 na x² = 9 unapata majawabu manne: 2, −2, 3 na −3.